Mwarobaini: unatibu nini kweli, unaumiza wapi, na namna ya kuutumia nyumbani bila kujidhuru

Nimekulia Tanga, uani kwetu kulikuwa na mwarobaini mkubwa, chini ya kivuli chake ndo tulikuwa tunalia chakula na kusukana nywele, na mtoto yeyote akianza kuwa na mwili wa moto bibi anatuma mtu akachume majani. Yanachemshwa mpaka maji yanabadilika rangi, unapewa kikombe, unazibwa pua, unameza. Uchungu ule mtu hausahau mpaka anazeeka. Baadaye nikaja kuuza duka la dawa muhimu kwa miaka kadhaa na hapo ndo nikaona upande wa pili. Mama anakuja mtoto yuko hoi, siku nne ananyweshwa majani na homa haijashuka. Mzee mwenye sukari anatetemeka, jasho linamtiririka, kumbe kameza vidonge vyake asubuhi na juu yake kagugumia nusu lita ya maji ya mwarobaini kwa sababu jirani kamwambia "unashusha sukari". Na ni kweli unashusha, shida ndo hiyo.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika nikiwa naupenda huu mti na nikiwa nauogopa pia. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua: nje ya mwili mwarobaini ni msaada mzuri sana, ndani ya mwili ni dawa kali ambayo haijapimwa vya kutosha kwa binadamu, na mafuta ya mbegu zake kwa mtoto mdogo ni sumu. Tuanze.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mwarobaini kweli

Usiruke hii. Kuna mti ndugu yake unaoitwa mmelia, kitaalamu Melia azedarach, umepandwa sana kwa ajili ya kivuli na mbao, na sehemu nyingine watu wanauita mwarobaini hivohivo. Mwarobaini wenyewe ni Azadirachta indica, asili yake ni huko India na Burma, ulikuja pwani yetu na Wahindi. Matunda ya mmelia yana sumu, yanaweza kumtapisha mtu, kumharisha na kuvuruga mishipa ya fahamu, na mifugo ikiyala inakufa.

Kutofautisha ni rahisi ukishaonyeshwa mara moja. Chuma jani zima pamoja na kikonyo chake. Mwarobaini una kikonyo kimoja kirefu na vijani vimejipanga kulia na kushoto kama unyoya wa kuku, kila kijani kimepinda kidogo kama mundu na pembeni kina meno kama msumeno. Mmelia kikonyo kinagawanyika tena kuwa vikonyo vidogo, halafu kwenye hivyo vidogo ndo vijani vinatoka. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni na likiiva linakuwa njano na kudondoka, la mmelia ni duara kama gololi na utalikuta bado linaning'inia hata majani yakiwa yamepukutika yote. Ukiwa na wasiwasi acha, tafuta mti mwingine. Na majani ya unga sokoni hayana kikonyo cha kuangalia, ndo maana mimi sishauri kununua unga kwa mtu usiyemjua.

Hatua ya 2: Jua unatumia sehemu gani ya mti

Watu wanasema "mwarobaini" kama vile ni kitu kimoja. Majani, magome, vijiti na mbegu ni vitu tofauti kabisa kwa nguvu. Kemikali inayofahamika zaidi inaitwa azadiraktini na imejaa kwenye mbegu, ndo inayofanya mdudu ashindwe kula na ashindwe kujivua gamba ili akue, na viwanda vya dawa za kuua wadudu wa mimea vinaitumia dunia nzima. Nasema kemikali makusudi, maana kuna maneno yanazunguka kwamba "dawa ya asili haina kemikali". Uchungu unaousikia mdomoni ni kemikali hizohizo. Muhogo mchungu nao unaota shambani tu, na kila mtu wa kusini anajua usipouloweka na kuukausha vizuri unaua.

Mafuta yanakamuliwa kwenye mbegu, ni mazito, rangi ya kahawia, yananuka kama kitunguu saumu kilichooza. Hayo ni ya nje tu. Nitarudia huko mbele.

Hapa niseme kitu kidogo nje ya mada kwa wale wanaodhani tiba za wazee hazina thamani. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuzuia fangasi kwenye mimea. Wahindi wakapinga, mmojawapo mwanaharakati Vandana Shiva, wakasema wakulima wetu wanafanya hivi tangu zamani. Mwaka 2000 hataza ikafutwa, kampuni ikakata rufaa, 2005 ikashindwa moja kwa moja. Kwa hiyo ujuzi wa wazee ni ujuzi. Ila ujuzi wa kuua fangasi wa mimea haumaanishi umepimwa tumboni mwa mwanao.

Hatua ya 3: Kila ukisikia "umethibitishwa", uliza umethibitishwa wapi

Hii ndo hatua ninayoitamani kila mtu aishike. Dawa inapanda ngazi. Kwanza sahani ya maabara, unamwagia vijidudu maji ya mmea uone kama vinakufa. Halafu panya. Halafu watu wachache. Halafu watu wengi waliogawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja linapewa dawa, lingine linapewa kidonge kitupu, na hakuna anayejua kapewa nini mpaka mwisho. Habari nyingi za mwarobaini unazotumiwa kwenye simu zimeishia ngazi ya kwanza au ya pili, ila zinaandikwa kama zimefika juu. Kumbuka hata jiki inaua vijidudu kwenye sahani.

Malaria. Ndani ya mwarobaini kuna kitu kinaitwa gedunini na kweli maabara kinaua vimelea vya malaria. Walipokipeleka kwa panya matokeo yakawa dhaifu, maana kitu kikipita tumboni na kwenye ini kinavunjwavunjwa kabla ya kufika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha. Linganisha na artemisinini iliyotoka kwenye pakanga ya Kichina, ile iliyompa mwanasayansi wa China Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nayo ilianzia kwenye tiba ya kale ya mimea, ila ilichujwa, ikapimwa, ikapandishwa ngazi zote, ndo leo tunayo dawa mseto ya kumeza dozi sita ndani ya siku tatu. Mwarobaini kwa malaria haujafika huko. Ukinywa homa inaweza kushuka kidogo ukafurahi, huku vimelea vinaongezeka. Kwa mtoto chini ya miaka mitano siku mbili za kusubiri zinatosha kumfikisha kwenye degedege na upungufu mkubwa wa damu. Homa, kapime. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni hakizidi dakika ishirini.

Ngozi, hapa mwarobaini una cha kujivunia. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo kutoka India ya watu 814 wenye upele ule wa kuambukiza unaowasha usiku, walipakwa uji wa majani ya mwarobaini yaliyosagwa na bizari ya manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 mpaka 15. Ni watu wengi. Kasoro yake ni kwamba hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo huwezi kujua wangapi wangepona na kitu kingine. Mimi naliheshimu jaribio lile lakini ukiweza kupata dawa ya BBE ya kupaka, tumia hiyo, na kama uko mbali na duka basi uji wa majani ni afadhali kuliko kujikuna.

Meno na fizi nako kuna majaribio kadhaa ya watu, madogo na ya wiki chache, ambapo jeli ya majani au maji ya kusukutua yalipunguza ukoga wa meno, mengine yakikaribiana na klorheksidini, ile dawa ya kusukutua ya hospitali. Hapa naona wazee walikuwa sahihi.

Sukari. Lipo jaribio zuri la India lililochapishwa 2020, watu 80 wenye kisukari cha aina ya pili, ambao tayari walikuwa kwenye dawa, wakaongezewa vidonge vya majani na vijiti vya mwarobaini vilivyopimwa kiwango, na sukari ilishuka kuliko kwa waliopewa vidonge vitupu. Soma tena: vilivyopimwa kiwango, na walikuwa wanaangaliwa na madaktari. Sufuria yako haina kiwango. Mti wa Tanga na mti wa Dodoma, majani ya masika na ya kiangazi, umechemsha dakika kumi au saa zima, kila kikombe ni dozi nyingine. Ndo kilichomkuta yule mzee niliyemtaja, tulimpa soda yenye sukari haraka akarudi sawa, lakini angekuwa amelala peke yake chumbani sijui ingekuwaje.

Vidonda vya tumbo, kuna utafiti mdogo wa India wa 2004 wa magome yaliyochujwa, ulionyesha asidi ya tumbo inapungua. Unatia matumaini ila ni watu wachache mno kuweza kukwambia ukachubue mti.

Hatua ya 4: Jiangalie kama uko kwenye kundi la wasiotakiwa kunywa kabisa

Mjamzito, au unayetafuta mtoto, mke na mume. Kwa wanyama wa maabara, mpaka nyani, mwarobaini ulitoa mimba, na kwa panya dume ulishusha uzazi. India mafuta yake yalifanyiwa utafiti kama njia ya kuzuia mimba. Kwa hiyo yule anayekwambia "kunywa usafishe kizazi" anakupa kitu ambacho wanasayansi walikuwa wanakitafutia kazi ya kinyume kabisa na unachotaka wewe.

Mtoto mchanga na mdogo. Naomba hapa usome polepole. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga 13 waliopewa mafuta ya mwarobaini na wazazi wao kwa nia njema, kutibu mafua na vitu vidogo kama hivyo. Walianza kutapika, wakalegea na kusinzia, wakapumua harakaharaka, halafu degedege moja baada ya nyingine. Damu ikajaa asidi, ini likaharibika kwa mafuta. Kiasi chenyewe kilianzia kijiko kimoja cha chai. Sasa fikiria nyumba zetu, mtoto ana homa, anapewa mafuta, anapata degedege, na degedege kwa wengi wetu ni "ndege" au shetani, kwa hiyo anapelekwa kwa mganga anaongezewa mafuta mengine! Hili ndo linaloninyima usingizi.

Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinacholinda chembe nyekundu za damu. Huu ni wa kurithi na uko mwingi sana sehemu zenye malaria, na wengi hawajui kama wanao. Iko ripoti ya 2013 ya mwanaume mmoja aliyekunywa chai ya mwarobaini, chembe nyekundu za damu zikaanza kupasuka. Dalili yake ni mkojo kuwa mweusi kama kokakola, macho ya manjano na kuishiwa nguvu. Kama kwenye ukoo wenu kuna mtu aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa fulani, hata za sulfa, kaa mbali.

Na wengine: anayetumia dawa za sukari, mwenye ugonjwa wa ini au figo, aliyewekewa figo ya mtu mwingine. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu asinywe bila kliniki yake kujua, maana ini lake tayari lina kazi kubwa. Nako kwa watu wazima mafuta hayana huruma, mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke wa India aliyekunywa mafuta ya mwarobaini akapoteza uwezo wa kuona macho yote mawili.

Hatua ya 5: Namna ya kuutumia nje ya mwili

Kabla ya kitu chochote, jaribu kidogo. Saga majani mawili matatu na maji, paka sehemu ndogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, subiri mpaka kesho. Ikiwasha, ikivimba au ikiwa nyekundu basi ngozi yako haiutaki, kuna watu wana aleji nao.

Maji ya kuoga, kwa mwasho, vipele vya joto au tetekuwanga: chuma majani mabichi konzi mbili za mkono, osha vumbi, chemsha kwenye lita mbili za maji kama robo saa, funika, acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi halafu changanya na maji ya ndoo. Oga au jikande. Usiyaingize machoni. Kwa tetekuwanga yanatuliza mwasho tu, hayafukuzi ugonjwa, na kinachosaidia zaidi ni kumkata mtoto kucha ili asijikwangue akapata vidonda. Maji yakilala mwaga, kesho chemsha mengine.

Uji wa upele: twanga majani mabichi kwenye kinu, sehemu nne za majani kwa sehemu moja ya bizari ya manjano, paka mwili mzima kuanzia shingoni kushuka, hasa katikati ya vidole, kwapani, kiunoni, kaa nao mpaka ukauke ndo uoge. Kila siku mpaka mwasho uishe. Na hapa wengi wanakosea, wanajipaka peke yao. Nyumba nzima ipakwe siku moja, mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, la sivyo wadudu wanazunguka tu kitanda hiki na kile. Bizari inachafua nguo, vaa kanga ya zamani. Mtoto mchanga usimpake huu, mpeleke kituo cha afya.

Mswaki: kata kijiti kibichi chenye unene wa kidole kidogo, osha, tafuna ncha mpaka ilainike, sugua taratibu, tema mate usimeze. Kesho kata ncha mpya au kijiti kipya. Dawa ya meno yenye floraidi usiiache, mwarobaini hauna floraidi ya kuzuia meno kutoboka.

Mafuta kwa ngozi au mba, usipake yenyewe. Changanya kijiko kimoja cha chai kwenye vijiko kumi vya mafuta ya nazi. Mchanganyiko huu unasaidia na kufukuza mbu kwa muda, ila chandarua chenye dawa kinabaki palepale kitandani. Kuchoma majani ndani jioni nako tunakujua, moshi unafukuza mbu kweli lakini mwenye pumu na kichanga wasiwemo humo.

Hatua ya 6: Ukiamua kunywa pamoja na yote niliyosema

Najua wapo watakaokunywa. Basi uwe mtu mzima mwenye afya, usiwe kwenye kundi lolote la hatua ya 4. Kama ni homa umeshapima malaria na umeshaanza dawa uliyoandikiwa. Majani tu, mafuta kamwe. Kiasi kidogo, siku mbili tatu, sio mwezi mzima wa "kusafisha damu", damu inasafishwa na figo na ini na hivyo ndo unavyovichosha. Usichanganye na mizizi mingine. Andika tarehe uliyoanza. Ukiona unatapika, macho ya manjano, mkojo mweusi, kizunguzungu au jasho la ghafla, acha saa hiyohiyo na nenda hospitali. Na ukifika sema ukweli. Najua tunaogopa kugombezwa, nimewahi kuona nesi anamfokea mama mpaka mama akakana kila kitu, na hilo ni kosa la nesi, lakini daktari asipojua ulichokunywa anatibu gizani.

Hatua ya 7: Ukinunua

Muuzaji anayesema inatibu magonjwa arobaini, kuanzia sukari mpaka nguvu za kiume, mpite. Jina la arobaini ni heshima ya mti, sio orodha ya hospitali. Angalia kama chupa imeandikwa sehemu gani ya mti, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na namba ya usajili. Kwa Tanzania wanaohusika ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2002, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, unaweza kuwauliza. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu zilizohifadhiwa vibaya yanaweza kuwa na sumukuvu, ileile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu.

Hatua ya 8: Mtoto amekunywa mafuta, ufanye nini

Usimtapishe. Mafuta yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu ukaongeza tatizo la pili. Usipoteze muda kumnywesha maziwa wala mafuta ya kula kama tulivyozoea. Kama anasinzia au ana degedege mlaze ubavu, usimwekee kijiko mdomoni, na mbebe uende hospitali sasa hivi, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Beba na chupa yenyewe. Mwambie daktari "mafuta ya mwarobaini", kiasi gani na saa ngapi. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii, watamzuia degedege, watamwekea dripu na kuangalia sukari yake na kupumua kwake, ndo maana kila dakika ina maana.

Na hiyo chupa, kama unayo ndani sasa hivi kwenye lile kopo la zamani la soda au mafuta ya kula, inuka uihamishe, iandike kwa maandishi makubwa, iweke juu ambako mtoto hafiki hata akipanda kiti.